Nimeunga gitaa la umeme mwenyewe: vanishi imegeuka maziwa, na bado linavuma. Nimekosea wapi?

#1 NusuFundi
Wakuu salaam.
Mwezi wa pili niliagiza kiti cha gitaa la umeme kutoka China, umbo la Stratocaster. Limekuja na bodi (mwili wa gitaa) ya mbao nyepesi, shingo ya mbao ya maple, pikapu 3 (vile vinasa sauti vya chini ya nyuzi), na kimfuko cha skrubu ambazo hazikuandikwa ipi ya wapi. Maelekezo ni karatasi moja, Kichina mbele na nyuma.

Bodi nimeipiga msasa namba 180, nikaja 240, nikamaliza na 320. Nikapaka rangi ya kahawia ya maji, nikaiacha siku 2. Jumamosi jioni mvua ilipokatika nikatoka barazani, hapa Tabata, nikaanza kupuliza vanishi ya kopo, ile inayokauka chapuchapu. Mpulizo wa kwanza safi. Wa pili safi. Wa tatu nikaingia ndani kunywa chai, natoka nakuta bodi imeshika ukungu mweupe kama glasi iliyotolewa kwenye friji. Nikasema itakauka. Leo siku ya nne, na pale juu mkono unapoegemea bado ni kama mtoto kamwagia maziwa.

La pili: uvumilivu ulinishinda, nikaliunga hivyo hivyo. Linalia, lakini linavuma. Nikigusa nyuzi mvumo unapungua, nikiachia unarudi.

Kosa liko wapi? Na naomba jibu lisiwe "anza upya na msasa". Vidole vimeisha.

#2 Kandambili
Kiti cha gitaa ndiyo kiti gani mkuu? Cha kukalia ukiwa unapiga? Kama kiti kinavuma kagua miguu.

#3 NusuFundi
Kandambili ulijua nilichomaanisha. Gitaa linalokuja vipande vipande, unaunga mwenyewe. Niite ninachokiita nini?

#4 Mwana_Keko
Miaka 14 napuliza makabati na vitanda Keko, kwa hiyo hili la maziwa niachieni.

Umejijibu mwenyewe pale uliposema "jioni mvua ilipokatika". Hapo hewa imejaa maji. Vanishi zinazokauka haraka haziwezani na hewa ya hivyo, zinapauka. Sisi masika tukiona wingu tunafunga bunduki ya kupulizia, siku hiyo ni ya msasa na kupiga soga. Ukitaka kupuliza mwezi huu, puliza saa 6 mchana jua likiwa kali, na saa 9 uwe umeshafunga.

Dawa ipo na haihitaji msasa. Nenda kwa wauza rangi uulizie tina (kiyeyusho cha vanishi) ya kuchelewesha kukauka, wengi wanaiita ritada. Puliza ukungu mwepesi wa hiyo tina peke yake juu ya maziwa. Vanishi italegea, maji yatapata njia ya kutoka, itakauka ikiwa angavu. Usifute na kitambaa, utaivua. Na usije ukapuliza koti jingine (tabaka la vanishi) juu kwa kudhani utafunika, hapo utakuwa umeyazika maji.

#5 Pwani_Moja
Mwana_Keko, mie niko Mombasa. Unyevu hapa si habari, ndiyo hewa yenyewe. Nimepuliza makopo mangapi sijui na sijawahi kuona maziwa. Tatizo ni kopo lake, vanishi ya bei ya kutupa ina tina ya ovyo.

Siku hizi hata hivyo nimeacha kupuliza. Gitaa langu la pili nililipaka mafuta ya kitani kwa tambara: unapaka, unangoja dakika 20, unafuta, kesho tena. Siku 6. Halina mng'aro wa kioo lakini mbao unaiona. Ila matambara yake usiyakunje ukayatupa. Mie niliyabwaga kwenye ndoo ya plastiki, narudi baada ya kuswali laasiri nakuta ndoo ya moto inafuka moshi, na hakuna aliyewasha kiberiti. Yatandaze nje penye hewa moja moja, au yaloweke majini.

#6 MwalimuMstaafu
Nimefundisha kemia, mniruhusu niwasahihishe wawili.

Mwana_Keko, unyevu peke yake hautoshi. Kumbukeni nesi anavyopaka spiriti kabla ya sindano, mnasikia baridi. Spiriti ikiruka inaondoka na joto la ngozi. Tina nayo ikiruka haraka inapoza uso wa bodi. Uso ukipoa kupita kiasi, mvuke ulio hewani unageuka matone pale pale, na matone hayo yananaswa ndani ya vanishi inayoganda. Weupe mnaouona ni mwanga unaotawanywa na vijitundu vya maji, hakuna rangi nyeupe iliyoingia. Ndiyo maana tina ya kuchelewesha inasaidia: inaruka polepole, uso haupoi.

Pwani_Moja, kwa hesabu hiyo kopo lako huenda lilikuwa na tina nzito, ndiyo ikakuokoa Mombasa. Halafu kopo lenyewe hupoa ukilibana muda mrefu, lishikeni mtaona. NusuFundi, ulipuliza mfululizo?

#7 NusuFundi
Mwalimu shikamoo. Ndiyo, sikupumzika, mbu walikuwa wananimaliza. Kopo lilikuwa baridi kweli, nikadhani ndiyo ubora.

#8 Kandambili
Gitaa lina homa ya baridi, mpeni mseto.

#9 Gerezani_Spray
Wote mnazunguka. Mimi napuliza magari. Kasema rangi ya maji, siku 2, masika. Siku 2 za masika ni sawa na saa 5 za kiangazi. Maji yalikuwa bado ndani ya mbao, yakapanda kutoka chini vanishi ilipoyafungia. Hewa haina kosa.

Alete hapa tuivue, tuipige ile vanishi ya magari ya kuchanganya na hadena, dawa ya kugandisha. Inakuwa ngumu kama sahani.

#10 Mwana_Keko
#9 kama maji yangetoka chini, bodi nzima ingepauka. Kasema ni juu tu pale mkono unapoegemea.

#11 Gerezani_Spray
Pale mkono unapoegemea mbao imekatwa mshazari, mishipa yake imebaki wazi. Hapo ndipo inakunywa rangi kuliko kote. Wewe seremala na hilo nikufundishe mimi?

#12 Mwana_Keko
Hapo umenipata kidogo. Kidogo. Lakini pale pale ndipo mtu anapopuliza zaidi kwa sababu ni mteremko na panaonekana. Koti nene, tina nyingi, baridi nyingi. Turudi kwa Mwalimu.

#13 Mlimani_Baridi
Arusha hapa. NusuFundi, vanishi ya hadena usiipulize nyumbani. Ina kemikali zinazoharibu mapafu, barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Gerezani wana vifaa vyao, au tuseme wanapaswa kuwa navyo. Mimi nilipuliza kwenye stoo mara moja tu, wiki nzima nilikohoa kama mzee wa ugoro.

Nami nikuulize: kwenye kile kishimo shingo inapokaa, uliziba na karatasi kabla ya kupuliza?

#14 NusuFundi
Hapana. Nilipaka kote ili ipendeze.

#15 Mlimani_Baridi
Nilijua. Makoti yakijaa kwenye mdomo wa kishimo, shingo haikai sawa, inainuka upande wa kichwa. Nyuzi zinakuwa juu kama za kuanikia nguo. Pima kwenye freti ya 12 (freti ni vile vichuma vinavyokatiza shingo): kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi mnene, milimita 2 ni sawa. Una ngapi?

#16 NusuFundi
Rula ya mtoto wa shule inasema 4 na ushee. Na nimekata kichwa cha skrubu moja ya shingo. Nilikuwa nakaza, ikaimba kidogo, tak. Imebaki ndani.

#17 BesiYaMama
Pole. Skrubu za kwenye hivi vimfuko ni laini kama njugu, na maple ni ngumu. Ungeisugua kwenye mshumaa au sabuni ya kipande kwanza, inaingia bila kulia. Ikianza "kuimba" unarudisha nyuma, huendelei. Mimi nilikata mbili kwenye besi yangu ndipo mume wangu akaniambia habari ya mshumaa, na yeye ni dereva.

#18 Mwana_Keko
Skrubu iliyobaki: toa shingo, chimba pembeni yake kwa biti nyembamba, ishike na koleo, izungushe. Tundu lizibe na kijiti cha mbao ngumu na gundi, ngoja kesho, toboa upya. Usitie gundi na unga wa mbao, haushiki skrubu. Na kishimo kwangue vanishi kwa patasi hadi uione mbao.

#19 Mlimani_Baridi
Ukishairudisha shingo, usikimbilie nondo iliyo ndani yake. Wengi wakiona nyuzi ziko juu wanaizungusha kama bomba. Kazi yake ni kunyoosha upinde wa shingo, kimo cha nyuzi kina skrubu zake kule kwenye daraja, pale nyuzi zinapokalia kwenye bodi. Bana uzi kwenye freti ya 1 na ya 17, angalia katikati, kama freti ya 7 au 8. Nafasi iwe kama unene wa kadi ya biashara. Ukizidi, zungusha robo tu, piga nusu saa, pima tena.

Kosa langu mimi lilikuwa jingine. Nilichukua lile la umbo la Telecaster, daraja halikuwa limetobolewa matundu. Nikajua kutoka nati, kile kipande cha juu ya shingo nyuzi zinapopitia, hadi freti ya 12 ni milimita 324, basi na kutoka 12 hadi daraja ni 324, jumla 648. Hesabu safi. Nikatoboa. Kumbe uzi ukiubana unavutika na sauti inapanda, hivyo inabidi uwe mrefu kidogo kuliko hesabu, na ule mnene zaidi kuliko mwembamba. Vile vipande vya kukalia nyuzi vilikuwa vimeshafika mwisho wa skrubu, havirudi nyuma tena. Kila noti kuanzia freti ya 12 ilikuwa juu. Nilipiga hivyo kanisani miezi 3, kwaya wakadhani ni mimi.

#20 Kandambili
Na si wewe?

#21 ChujioLaSauti
Nimechelewa, nilikuwa na redio ya mtu. Nakuja kwenye mvumo, maana wote mmeukimbia.

Ukigusa nyuzi mvumo ukapungua, maana yake waya wa ethi (wa ardhini) unaokwenda kwenye daraja umeshika vizuri. Mwili wako ni antena, ukigusa nyuzi unaungana na ethi, unatulia. Ungegusa mvumo ukazidi, ningesema kwenye jeki, lile tundu la kuchomeka waya wa amplifaya, umegeuza waya wa sauti na wa ethi. Ungegusa na kitu kisibadilike, waya wa daraja umekatika, au ulilehemu juu ya chuma bila kukikwangua na risasi ikakaa kama tonge la ugali juu ya sahani. Kwako hakuna kati ya hayo. Kilichobaki ni kukinga. Tandika karatasi ya shaba ndani ya shimo la pikapu na swichi, vipande vyote vigusane, halafu viunganishe na ethi.

#22 Pwani_Moja
Ile karatasi ya fedha ya kufungia kuku haifai?

#23 ChujioLaSauti
Inakinga, lakini ni alumini, risasi haishiki juu yake kirahisi. Ibane kwa skrubu na waya chini yake. Nimefanya. Inatosha hadi upate shaba.

#24 Solo_la_Pili
Vijana, nimepiga solo la pili kwenye bendi za Dar kabla wengine hamjazaliwa. Pikapu za koili moja zinavuma, ndivyo zilivyo. Hilo umbo ni la 1954, na tangu siku hiyo linavuma. Sisi tulikuwa tunageuka kidogo jukwaani, unatafuta upande ambao mvumo unalala, unasimama hapo hapo mpaka wimbo uishe. Watu walidhani ni mtindo.

NusuFundi, weka swichi nafasi ya 2 au ya 4, pale pikapu mbili zinapolia pamoja. Kama ya katikati ilisukwa kinyume na wenzake, mvumo utajifuta.

#25 NusuFundi
Mzee shikamoo. Nimejaribu. Nafasi ya 2 na 4 hazibadilishi kitu, zote zinavuma sawa. Nikigeuka kuelekea dirishani unapungua.

#26 ChujioLaSauti
Basi watengenezaji wamekuwekea pikapu 3 za aina moja, hakuna iliyogeuzwa. Kwa bei ile usiwalaumu. Na kama kugeuka kunapunguza, kuna kitu hapo jirani kinatoa mvumo. Zima taa zote, chomoa chaja ya simu, lete jibu.

#27 BesiYaMama
Ndugu zangu, kabla hajazima taa: nyumba yake ina ethi? Nyingi hizi za kupanga soketi ina matundu matatu, tundu la tatu ni pambo. Mimi kwenye harusi moja nilikuwa na besi mkononi, nikasogeza mdomo kwenye maiki kuitikia, nikapigwa shoti ya mdomo hadi machozi. Besi ilikuwa nzima, maiki nzima. Amplifaya na mikisa vilikuwa kwenye laini mbili tofauti na moja haikuwa na ethi. Mwite fundi umeme apime kabla hujakata waya wowote wa gitaa.

#28 Gerezani_Spray
Kwa hiyo mtu kaja na vanishi, mmempeleka kwenye umeme. Maziwa yameishia wapi?

#29 Kandambili
Yameganda.

#30 Leeds_Lakini_Mswahili
Nasoma kimya toka asubuhi, nicheke tu. Huku Uingereza tabu yetu ni kinyume. Baridi ikianza tunawasha hita, hewa ya ndani inakauka, mbao ya shingo inasinyaa, freti za chuma hazisinyai. Ncha zinatokeza pembeni kama meno ya msumeno. Gitaa langu la kuunga lilinichana kiganja mwezi Desemba, nikapiga tupa ncha moja moja, 44 zote. Shukuru kwa unyevu wako.

Na mkumbuke Brian May, mpiga gitaa wa bendi ya Queen, alitengeneza gitaa lake kwa mlango wa zamani na bado analipiga.

#31 Mlimani_Baridi
Si mlango. Shingo aliichonga kutoka kwenye mbao ya zamani ya kuzungushia meko ya ukutani. Walianza yeye na baba yake 1963. Springi za daraja ni za vali za pikipiki ya 1928, na vile vidoa vya kwenye freti ni vifungo vya lulu kutoka sanduku la kushonea la mama yake. Hapo hakuna maelekezo ya Kichina.

#32 Solo_la_Pili
Hata Franco Luambo wa Kongo, aliyezaliwa 1938, alianza utotoni na gitaa la kujiundia, kopo la bati na nyuzi za waya wa umeme uliochunwa. Alikuwa analipiga kwenye meza ya mama yake sokoni, wateja wanasogea. Mtu akiniambia hana gitaa zuri ndiyo maana hapigi, namtajia hilo.

Swali langu kwa seremala: kwa nini mnaagiza bodi China na mpingo uko Lindi?

#33 Mwana_Keko
Mzee, mpingo ukiutupa majini unazama. Bodi ya ukubwa ule kwa mpingo ni kilo 5 na zaidi bila shingo wala vyuma. Mgongo utakushitaki. Mpingo weka kwenye ubao wa vidole tu, hapo hauna mpinzani. Na usifikiri utausafirisha nje kirahisi, magogo ya mpingo yana vibali vyake vya kimataifa toka 2017.

Kwa bodi ningechukua mkangazi uliokauka. Au mninga, ila mninga unatia vumbi ukipiga msasa, na wengine linawawasha pua siku nzima.

#34 Pwani_Moja
Mvule je? Nina kipande cha mlango wa marehemu babu.

#35 Mwana_Keko
Mvule unadumu, lakini mara nyingine una mawe ndani, chokaa iliyoganda kwenye mbao. Utang'oa meno ya msumeno. Na mlango wa babu uache, bwana.

#36 NusuFundi
Mrejesho, wakuu.

Vanishi: nimepata ritada, nikapuliza mchana wa jua. Sehemu kubwa imekuwa angavu, sikuamini macho, maziwa yalikuwa yanaondoka huku nayatazama, kuanzia pembeni kuja katikati. Imebaki doa moja la ukubwa wa kiganja pale pale kwenye mshazari. Halitoki. Nimepuliza mara 3.

Kishimo nimekwangua, skrubu nimeitoa, nyuzi zimeshuka hadi 2. Mshumaa umefanya kazi, dada asante.

Mvumo: nilizima taa, nikachomoa chaja, friji, kila kitu. Ulipungua kiduchu. Nikakaa gizani kama mwizi. Halafu saa 3 usiku kasoro ukakatika karibu wote, mimi sijagusa kitu. Nikatoka nje. Kinyozi wa ukuta wa pili ndiyo alikuwa anashusha shata.

#37 Gerezani_Spray
Doa lililobaki limekuwa langu. Hayo ni maji ya chini, ritada haiyafikii. Nilisema.

#38 MwalimuMstaafu
Au koti hapo ni nene zaidi na tina haijapenya. Hujathibitisha, umedai tu.

#39 Gerezani_Spray
Mwalimu, akwangue sehemu ndogo aone kama weupe uko juu au chini. Huo ndiyo uthibitisho.

#40 NusuFundi
Nilisema hakuna msasa.

#41 ChujioLaSauti
Kuhusu kinyozi: ile mashine ya kunyolea ina koili inayotetemeka kwa mapigo ya umeme, 50 kila sekunde, na taa zake za kuzunguka kioo nazo zina vigeuza umeme vya bei rahisi. Ukuta haumzuii. Karatasi ya shaba itakukinga na sehemu inayotoka kwenye taa. Ya koili haizuii, hiyo itakufuata mpaka ubadili pikapu.

#42 BesiYaMama
Au mnatumia laini moja ya umeme, na ethi hakuna kote kuwili. Akizima yeye, na laini inatulia. Mimi bado nasema fundi umeme.

#43 Solo_la_Pili
Au saa 3 usiku mtaa mzima huwa umetulia. Kesho msubiri, akifunga saa 2 tutajua.

#44 Kandambili
Kwa hiyo tangu #2 nilikuwa sahihi. Tatizo ni kiti. Cha kinyozi.

#45 NusuFundi
Kandambili hiyo nakupa.
Kesho naenda kunyoa, nitamwomba azime mashine dakika moja nipige noti mbili kwa mlangoni. Akinifukuza nitaleta mrejesho nikiwa na kichwa nusu.

#46 Mwana_Keko
Ukitoka hapo lete bodi Keko, nilitazame hilo doa kwa macho. Ila usije mvua ikinyesha.